Kasi Hupimwa Kazini: Ulinganishaji wa Zana za Huduma za Wavuti

Huduma ya wavuti ni programu inayokaa kwenye seva na kujibu maombi ya programu nyingine kupitia mtandao, kwa kufuata itifaki, yaani kanuni za mawasiliano zilizokubaliwa na pande zote mbili, bila kujali kila upande umeandikwa kwa lugha gani ya kompyuta. Watengenezaji wa programu ni nadra kuandika kanuni hizo wenyewe, kwa sababu huzikuta tayari ndani ya zana, ambayo katika sura hii ina maana ya mkusanyiko wa maktaba za programu unaogeuza data kuwa ujumbe, kuutuma, kuupokea na kuugeuza tena kuwa data. Kwa kuwa zana za namna hiyo ni nyingi, swali la ipi yenye kasi zaidi limeulizwa tangu siku za mwanzo za teknolojia hii, na majibu yake yametofautiana kiasi cha kuwachanganya wanaotaka kuchagua. Hoja ya sura hii ni kwamba tofauti hizo zina chanzo kinachoeleweka: kasi haimo ndani ya zana peke yake, bali huonekana zana inapofanya kazi na ujumbe wa aina fulani, juu ya mtandao wa aina fulani, chini ya mzigo wa kiasi fulani, na ulinganishaji usiotaja mambo hayo matatu hauwezi kumwongoza mtu yeyote.

Safari ya ombi moja

Ili kuelewa kinachopimwa, inafaa kufuatilia safari ya ombi moja tangu linapoanza hadi jibu lake linaporudi. Programu ya mteja huanza na data iliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta, kwa mfano orodha ya bei, ambayo zana huigeuza kuwa mfululizo wa baiti unaoweza kusafiri, hatua inayoitwa usimbaji. Kisha muunganisho hufunguliwa, au ule uliopo hutumiwa tena, na baiti husafiri hadi kwenye seva, ambako zana ya upande wa pili huzisoma, huchanganua muundo wake na kuzirudisha katika umbo la data, hatua inayoitwa usimbuaji. Hapo ndipo kazi yenyewe hufanyika, ambayo mara nyingi ni kuuliza hifadhidata, na baada ya hapo hatua zote hujirudia kuelekea kwa mteja.

Katika mlolongo huo, zana hutawala usimbaji, usimbuaji na namna muunganisho unavyotumiwa, lakini haina mamlaka juu ya umbali wa seva wala mwendo wa hifadhidata. Ikiwa ombi zima huchukua milisekunde 200, na kati ya hizo 120 ni za mtandao, 60 ni za hifadhidata na 20 tu ni za zana, basi zana nyingine yenye kasi maradufu itapunguza jumla hadi milisekunde 190, tofauti ambayo mtumiaji hataihisi. Kanuni hii, ambayo Gene Amdahl aliieleza mwaka 1967 alipokuwa akizungumzia kompyuta zenye vichakataji vingi, husema kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi haiwezi kuzidi uzito wa sehemu hiyo katika kazi nzima.

Mafunzo ya miaka ya SOAP

Uchunguzi wa kina wa zana hizi ulianza na SOAP, itifaki iliyobuniwa mwaka 1998, ikawasilishwa kwa shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2000, na toleo lake la 1.2 kuidhinishwa mwezi Juni mwaka 2003. Ujumbe wa SOAP huandikwa kwa XML, lugha ya maandishi ambayo hufunga kila kipande cha data kati ya lebo mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Uzuri wa mpango huo ni kwamba mtu na mashine huweza kuusoma ujumbe uleule, na gharama yake huonekana mara tu namba zinapoingia. Namba ya desimali ambayo kompyuta huihifadhi kwa baiti 8 huweza kuhitaji hadi herufi 24 inapoandikwa kikamilifu, na lebo fupi za kufungua na kufunga zikiongezwa, baiti 8 huwa zaidi ya 30.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, Kenneth Chiu, Madhusudhan Govindaraju na Randall Bramley, walichunguza kikomo cha kasi ya SOAP katika kazi za kisayansi, ambazo husafirisha safu ndefu za namba za namna hiyo. Walibaini kwamba mzigo mkubwa zaidi haukuwa ukubwa wa ujumbe kwenye waya, kama ambavyo wengi wangedhani, bali ulikuwa kazi ya kichakataji ya kugeuza kila namba kuwa maandishi na kuirudisha tena kuwa namba. Pendekezo lao lilikuwa kutumia SOAP kwa makubaliano ya awali tu, kisha pande mbili zihamie kwenye itifaki ya baiti ghafi pale namba zinapokuwa nyingi. Mwaka 2004 Govindaraju na wenzake, akiwemo Robert van Engelen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida aliyebuni zana ya gSOAP, waliendeleza kazi hiyo kwa kulinganisha zana kadhaa za lugha za C, C++ na Java, wakitumia aina mbalimbali za data na safu za ukubwa tofauti badala ya ujumbe mmoja. Thamani ya mbinu yao imo katika uamuzi huo wa kutofautisha ujumbe, kwa kuwa zana inayoongoza katika ujumbe mfupi wa maneno huweza kuachwa nyuma ujumbe unapokuwa safu ya maelfu ya namba.

Uchunguzi wa miaka hiyo ulifichua pia kwamba ucheleweshaji mkubwa huweza kutoka mahali ambapo hapahusiani na XML hata kidogo. Mwaka 1984 John Nagle alipendekeza njia ya kupunguza msongamano wa mtandao, ambapo kompyuta yenye kipande kidogo cha data cha kutuma husubiri kwanza ithibati ya kipande kilichotangulia. Kwa upande mwingine, kompyuta inayopokea nayo huchelewesha ithibati hiyo kwa muda, mara nyingi hadi milisekunde 200, ikitumaini kuituma pamoja na data nyingine. Zana inayoandika vichwa vya ombi kwanza na mwili wa ombi baadaye, kwa mipigo miwili, huziingiza pande zote mbili katika hali ya kusubiriana, na ombi ambalo lingekamilika kwa milisekunde chache likapoteza moja ya tano ya sekunde. Tiba yake ni kuandika ujumbe wote kwa mpigo mmoja, au kuzima utaratibu wa Nagle kwenye muunganisho huo kwa mpangilio mmoja mdogo. Mtu aliyelinganisha zana mbili bila kujua jambo hili angeilaumu njia ya kuchanganua XML kwa kosa ambalo si lake.

Namna za kusoma ujumbe

Tofauti nyingine kati ya zana hutokana na namna zinavyosoma XML. Njia ya kwanza hujenga mti mzima wa ujumbe katika kumbukumbu kabla ya kuanza kuutumia, jambo linalompa mtengenezaji uhuru wa kwenda mbele na nyuma, lakini hula kumbukumbu nyingi kuliko ukubwa wa ujumbe wenyewe. Njia ya pili husoma ujumbe kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuiarifu programu kila inapokutana na lebo, bila kuhifadhi chochote, hivyo huokoa kumbukumbu lakini huilazimu programu kufuata mwendo wa msomaji. Njia ya tatu huiachia programu yenyewe kuomba kipande kinachofuata kinapohitajika, na ndiyo iliyosanifishwa kwa Java mwaka 2004 kwa jina la StAX.

Historia ya zana za shirika la Apache huonyesha mabadiliko hayo waziwazi. Axis, iliyotoka katika toleo la 1.0 mwaka 2002, ilitegemea njia ya pili, ilhali Axis2, iliyotoka mwaka 2006, iliandikwa upya juu ya njia ya tatu, ikiwa na mti unaojengwa polepole kwa kadiri programu inavyouhitaji. Apache CXF, iliyozaliwa kutokana na kuunganishwa kwa miradi ya XFire na Celtix, na Metro ya kampuni ya Sun zilitembea katika njia hiyohiyo ya kusoma kwa mtiririko. gSOAP kwa upande wake huchukua maelezo ya huduma na kuzalisha msimbo maalumu wa C au C++ kwa kila aina ya data, hivyo wakati wa kazi hakuna haja ya kukisia umbo la ujumbe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton walikwenda mbali zaidi kwa zana ya bSOAP, ambayo huhifadhi ujumbe uliokwisha kutumwa na, ombi linalofanana nao linapokuja, hubadilisha sehemu zilizotofautiana tu. Mbinu hiyo ina faida kubwa pale ambapo ujumbe hujirudia, na faida yake hupungua kila ujumbe unapokuwa mpya kabisa.

Jaribio moja, washindi wawili

Mwaka 2004 kampuni ya Sun Microsystems ilichapisha matokeo ya jaribio liitwalo WSTest, lililolinganisha huduma za wavuti za Java na zile za .NET ya Microsoft kwa maombi mepesi ambayo seva huyarudisha jinsi yalivyo: ombi tupu, muundo mmoja wa data na orodha ya miundo. Matokeo yaliipa Java ushindi. Microsoft ilijibu kwa kuendesha jaribio hilohilo kwa mashine na mipangilio yake, na matokeo yake yakaipa .NET ushindi.

Tukio hilo halihitaji kusomwa kama ushahidi wa udanganyifu wa upande wowote. Kila kampuni iliijua zana yake kwa undani, ilijua nyuzi ngapi za kazi zitengwe, kumbukumbu ngapi zitolewe na toleo lipi la programu litumike, na haikuwa na ujuzi wa kiasi hicho kuhusu zana ya mwenzake, hivyo kilichopimwa, pamoja na zana hizo, kilikuwa pia ustadi wa aliyezipanga. Isitoshe, jaribio ambalo seva yake hairejelei hifadhidata wala haifanyi hesabu yoyote huikuza tofauti ya zana hadi ionekane kuwa ndiyo jambo zima, wakati katika huduma halisi ni sehemu tu.

Masharti ya kipimo cha haki

Sharti la kwanza linahusu mashine kupata moto. Lugha kama Java huendeshwa na mashine pepe ambayo mwanzoni hutafsiri msimbo hatua kwa hatua, kisha, sehemu fulani ikishatumika maelfu ya mara, huigeuza kuwa maelekezo ya moja kwa moja ya kichakataji, na mwendo ukaongezeka sana. Mashine hiyohiyo husimama mara kwa mara ili kufuta kumbukumbu zisizotumika tena. Mwaka 2007 Andy Georges, Dries Buytaert na Lieven Eeckhout wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji walionyesha kwamba mbinu zilizozoeleka za kuripoti kasi ya programu za Java huweza kumfikisha mtafiti kwenye hitimisho lisilo sahihi, wakahimiza majaribio yarudiwe kwa kuanzisha mashine upya mara nyingi na matokeo yatolewe pamoja na kiwango cha uhakika cha kitakwimu.

Sharti la pili linahusu wastani. Tuseme kati ya maombi 1,000, maombi 990 yalijibiwa kwa milisekunde 10 kila moja na 10 yaliyobaki yakachukua milisekunde 2,000. Wastani wake ni takribani milisekunde 30, muda ambao hakuna mteja hata mmoja aliousubiri. Ndiyo maana ripoti nzuri hutumia pesentaili, yaani kiwango cha muda ambacho sehemu fulani ya maombi haikukizidi: pesentaili ya 50 huonyesha hali ya ombi la kawaida, na ile ya 99 huonyesha kikomo ambacho ombi moja tu kati ya 100 hukivuka. Ombi hilo moja si dogo kama linavyoonekana, kwa sababu ukurasa unaoita huduma 10 kwa pamoja, kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 1 wa kuchelewa, utachelewa karibu mara 10 katika kila mara 100 unapofunguliwa.

Sharti la tatu linahusu namna mzigo unavyotumwa. Programu nyingi za kupimia hutuma ombi, husubiri jibu, ndipo hutuma ombi lingine. Seva ikiganda kwa sekunde moja, programu ya namna hiyo hurekodi ombi moja baya, ilhali kama mpango ulikuwa maombi 100 kwa sekunde, karibu maombi yote 100 ya sekunde ile yangeathirika. Gil Tene wa kampuni ya Azul Systems ndiye aliyeipa kasoro hii jina na kuwatahadharisha wapimaji juu yake. Suluhisho lake ni kutuma maombi kwa mwendo usiobadilika na kuhesabu kusubiri tangu muda ambao ombi lilipaswa kutumwa. Sambamba na hilo, mashine inayotuma mzigo haipaswi kuwa ileile inayopimwa, wala haipaswi kuchoka kabla ya seva, kwani hapo takwimu zitaeleza udhaifu wa mpimaji.

Gharama ya usalama

Ulinganishaji mwingi hufanywa kwa ujumbe usiolindwa, ilhali huduma za benki, serikali na hospitali haziwezi kuendeshwa hivyo. Ulinzi huweza kuwekwa kwenye njia, kwa itifaki ya TLS inayoficha kila kinachopita kati ya kompyuta mbili, au kwenye ujumbe wenyewe, kwa viwango kama WS-Security, kilichoidhinishwa na shirika la OASIS mwaka 2004. Namna hii ya pili ina faida ya kuulinda ujumbe hata unapopitia kwa wapatanishi kadhaa, lakini gharama yake ni kubwa. XML ileile huweza kuandikwa kwa namna nyingi zenye maana moja, kwa kubadili mpangilio wa sifa ndani ya lebo au aina ya alama za nukuu, na sahihi ya kidijitali huvunjika kwa tofauti ya herufi moja. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi au kuihakiki, ni lazima ujumbe uandikwe upya katika umbo moja sanifu, kazi ambayo katika zana nyingi hulazimu mti mzima ujengwe katika kumbukumbu na kuifuta faida yote ya kusoma kwa mtiririko. Zana iliyoongoza bila ulinzi inaweza basi kupoteza nafasi yake ulinzi unapowashwa, na jaribio linalompasa mwenye huduma ya fedha ni lile lenye ulinzi.

Baada ya SOAP

Huduma nyingi mpya zimeiacha SOAP na kushika JSON, umbo jepesi la maandishi linalopelekwa kwa HTTP ya kawaida, na nyingine zimehamia kwenye maumbo ya baiti kama Protocol Buffers, ambayo Google iliyafungua kwa umma mwaka 2008 na ambayo ndiyo hubeba ujumbe wa zana yake ya gRPC, iliyotolewa mwaka 2015. Sehemu yenye jina la herufi moja na thamani 150 huchukua herufi 10 katika XML, herufi 9 katika JSON na baiti 3 katika Protocol Buffers. Hata hivyo aya ya maneno yenye herufi 1,000 hubaki baiti 1,000 au zaidi katika maumbo yote matatu, hivyo huduma ya kusafirisha habari au maelezo ya bidhaa hupata faida ndogo sana pale ambapo huduma ya vipimo vya hali ya hewa hupata faida kubwa. Kampuni ya TechEmpower, ambayo mwaka 2013 ilianza kuchapisha ulinganishaji mpana wa zana za wavuti, ilitambua jambo hili kwa kutenganisha majaribio: moja la kusimba JSON, mengine ya kusoma rekodi moja au nyingi kutoka hifadhidata, lingine la kuandika, na kadhalika. Orodha za washindi hubadilika kutoka jaribio moja hadi jingine, na msomaji makini hutafuta jaribio linalofanana na kazi yake kabla ya kutazama nani yuko juu.

Umbali na Afrika Mashariki

Kwa watengenezaji wa programu wa Afrika Mashariki, suala la umbali lina uzito wa pekee. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, mawasiliano mengi ya kanda na nchi za nje yalipitia satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ombi pamoja na jibu lake vilihitaji takribani nusu sekunde angani hata kabla ya seva kufanya lolote. Kebo zilipunguza muda huo, lakini mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo njia ya kebo yenye urefu wa kilomita 10,000 hugharimu milisekunde 100 kwenda na kurudi, na hakuna zana inayoweza kuzifuta. Muunganisho mpya unaolindwa na TLS 1.2 huhitaji safari tatu za kwenda na kurudi kabla ya ombi lenyewe kuondoka, kwa hiyo ombi la kwanza hukamilika baada ya milisekunde 400, ilhali ombi linalotumia muunganisho uliokwisha kufunguliwa hukamilika kwa 100. Zana inayohifadhi miunganisho na kuitumia tena humwokolea mteja wa Dodoma au Kisumu milisekunde 300, wakati zana inayosimba JSON haraka zaidi huenda ikamwokolea moja.

Mfano wa malipo ya simu hufafanua zaidi. Violesura vya awali vya M-Pesa kwa wafanyabiashara vilitumia SOAP, na kiolesura kilichofuata cha Daraja, kilichozinduliwa na Safaricom mwaka 2017, hutumia JSON. Pale mfanyabiashara anapoomba malipo yanayomtaka mteja aweke namba ya siri kwenye simu, jibu la kwanza huthibitisha tu kwamba ombi limepokelewa, na matokeo hutumwa baadaye kwenye anwani ya mfanyabiashara. Muda wa muamala huo hutawaliwa na vidole vya mteja, na kinachopaswa kupimwa kwa makini ni uwezo wa seva ya mfanyabiashara kupokea matokeo mengi yanayofika kwa pamoja bila kupoteza hata moja.

Kuchagua kwa ushahidi

Yaliyoelezwa yanaelekea kwenye utaratibu mmoja. Mwenye huduma aanze kwa kupima safari nzima ya maombi yake halisi na kujua ni sehemu gani ya muda iliyo mikononi mwa zana. Ikiwa sehemu hiyo ni ndogo, juhudi ielekezwe kwenye hifadhidata, miunganisho au mahali seva ilipo, na zana ichaguliwe kwa ubora wa nyaraka zake, uhai wa jamii inayoitunza na ujuzi wa wafanyakazi waliopo. Ikiwa sehemu hiyo ni kubwa, zana mbili au tatu zilinganishwe kwa ujumbe wa huduma yenyewe, ulinzi ukiwa umewashwa na mzigo ukiwa wa mwendo thabiti, na matokeo yaandikwe kwa pesentaili pamoja na matoleo ya programu, mashine na mipangilio, ili mtu mwingine aweze kuyarudia na kuyapinga. Matokeo yanayoweza kupingwa kwa kurudiwa ndiyo pekee yanayostahili kubeba uamuzi wa miaka mingi, kwa kuwa zana ikishaingia katika mfumo wa benki, hospitali au wizara, kuitoa hugharimu zaidi ya milisekunde zote zilizotafutwa wakati wa kuichagua.